Grande Toccata ya Chutes

Siku ya posho, 4 mwezi wa tano 1957. Stanleyville, Tshopo.

Leo ninaanza hii kitabu. Siku ya kwanza ni ile inayofuata siku ya Mungu, na ya sita ni ya posho. Sababu: karibu nitakuwa mutu mukubwa, na watu wakubwa wote wanaandikaka siku zao. Ninaandika kwa Kiswahili safi kabisa, ya kitabu, si ile Kingwana ya sokoni. Wajukuu watanishukuru.

Jina: Zéphirin. Miaka: makumi mbili na tatu. Kazi: karani kwenye dépôt ya mizigo ya bandari. Kipaji: orgue! Kila siku ya Mungu ni mimi ninapiga ile kinanda kubwa ya kanisa yetu, yenye mabomba ya chuma mpaka juu karibu na paa. Hakuna mutu alinifundisha. Nilimusikiliza tu padri wetu Père Henri, vidole vikafuata. Sikio langu halina ndugu kwa hii muji.

Macho, bon. Note za muziki siwezi kusoma. Hata moja. Ninaona tu sisimizi wanatembea juu ya waya. Lakini hakuna mutu anajua, juu kila mara ninaweka karatasi mbele yangu na ninageuza. Wakati mwingine ninageuza mbili pamoja, wimbo ikiwa na haraka.

Habari ya leo: Père Henri ametangaza kwamba université moja ya Ubelgiji inatafuta mutu mumoja wa hapa Stan. Mumoja tu. Ataenda kusoma muziki miaka ine, atatoka na diplôme, musicien wa kazi, mwenye kulipwa juu ya kupiga kinanda! Profesa mwenyewe iko njiani kuja kusikiliza.

Ile mutu ni mimi. Nilijua mbele Père amalize kusema.

Shida ni mbili. Ya kwanza inaitwa Sébastien. Moniteur wa école, mwalimu wa watoto, mutu wa Yanonge, kravati hata saa sita kwenye jua. Anasoma note sawa vile mimi ninasoma majina juu ya magunia. Ni mutu mupole, musafi, wa kweli. Simupendi hata kidogo.

Shida ya pili ni maji. Sisi ni Wagenia, wavuvi wa Chutes, maporomoko ya muto hapa. Kila familia iko na fasi yake, mahali pake, kwenye Chutes, na miti yake ndani ya maji makali, na mitego yake, tangu babu. Fasi ya papa iko tupu misimu mbili tangu alipokufa. Wazee wamesema: kama mutoto wake anaenda masomo ya Ulaya, sawa, tonton mumoja, mudogo wa papa, ailinde. Lakini kama mutoto iko hapa tu, anaketi kwenye dépôt na kalamu kwenye sikio, basi tarehe makumi mbili apande miti ashushe mutego, ao fasi ipewe jirani. Mama yangu Julienne alilia. Alisema hawezi kuona jirani anakula samaki juu ya jasho ya bwana wake.

Ninaogopa maji. Haya, nimeandika. Mugenia anayeogopa maji! Hata nikioga kwenye beseni ninafunga macho. Ao université, ao mti. Mungu anisaidie, na mimi nitamusaidia Mungu.

Siku ya kwanza, 6 mwezi wa tano.

Ushindi! Courrier, mizigo ya posta kutoka Léopoldville, yaani Léo, imefika, na ndani yake colis, kifurushi cha Père Henri kutoka kwa ile université. Ikalala karibu na kiti yangu. Kamba yake niliona ni dhaifu. Nikavuta kidogo, kujua ni dhaifu namna gani. Ikakatika. Hiyo ni kazi ya karani mwaminifu, kuchunguza kamba.

Ndani kulikuwa karatasi moja ya note, na barua: hii ndiyo mtihani ya kusoma, wanafunzi wasiione mbele ya siku, watapiga pale pale. Niliigeuza kila upande. Sisimizi elfu! Sikulala njaa hata hivyo, juu wazo lilikuja kabla ya saa ya kula. Kwa Stan muzima kuna mutu mweusi mumoja tu wa kunipigia hii karatasi nisikie.

Eh, Zéphirin! Akili yako siku moja itakuua.

Siku ya pili, 7 mwezi wa tano.

Asubuhi mbele ya masomo niliweka karatasi juu ya harmonium, kinanda kidogo ya école, na barua niliyopiga na mashine ya dépôt. Barua inasema: mimi ni moniteur wa Bunia, nimeandika hii muziki, wenzangu wanasema hakuna mutu wa Stanleyville anaweza kuipiga, na mimi ninaamini. Hakuna jina. Kisha saa ya midi nikalala chini ya dirisha, katikati ya matembele ya école.

Sébastien aliingia. Akasoma. Kisha nikamusikia anasema polepole, peke yake, eti Bunia ni kijiji. Akaanza kupiga. Alipiga mara munane! Mara ya tatu nilikuwa nayo yote ndani ya kichwa. Mara ya ine siafu wote walikuwa nami ndani ya suruali. Sikulia. Musicien anavumilia. Alipokwenda kula nikapitisha mkono dirishani, nikachukua karatasi na barua, nikarudisha karatasi ndani ya colis, nikafunga kamba mupya.

Père Henri alipopokea colis alisifu kamba. Alisema kwa dépôt yetu wanajua kufunga.

Siku ya ine, 9 mwezi wa tano.

Profesa amefika. Nilingojea muzee na ndevu. Ni mwanamuke! Mademoiselle Simone, mufupi, miwani mikubwa, viatu vya kutembea mbali. Alitusalimia mimi na Sébastien kwa « vous », ile ya heshima wazungu wanaambiana. Bwana mumoja wa Territoire, wa serikali, alikuwa karibu, kiko yake ikazimika kinywani.

Mtihani ya kusoma ilikuwa kwenye salle ya mikutano ya parokia. Sébastien aliitwa mbele. Alitazama karatasi. Uso ukabadilika. Nikasema moyoni: sasa atapiga vizuri, na mimi kisha nitapiga vizuri kumupita.

Lakini hakupiga! Alisimama, akafunga kifungo ya koti, akasema hawezi kudanganya, hii muziki anaijua tayari, ilitoka kwa moniteur mumoja wa Bunia. Mujinga! Mujinga wa kweli-kweli! Nani anasema mambo kama ile kwa mtihani?

Mademoiselle alijibu kwamba haiwezekani, aliiandika mwenyewe mwezi uliopita, kwake, juu ya meza ya jikoni. Père Henri alitazama juu ya paa. Mimi pia nilitazama juu ya paa, nisimuache peke yake. Jasho ilinishuka mpaka kwenye soksi. Nilisema tu, kwa heshima, kwamba huko Léo kuna wezi wengi.

Mademoiselle akakata maneno: karatasi imetembea njiani, haina maana tena, mtihani ya kusoma imefutwa. Yote itakuwa siku ya Mungu kisha misa, juu ya orgue, kila mutu apige aliyotayarisha.

Imefutwa! Hakuna mutu atasoma kitu! Nilitoka nikiimba. Sébastien alinikimbilia njiani, akaomba pardon eti ameniharibia bahati. Nilimusamehe. Mimi siko na moyo mubaya.

Siku ya posho, 11 mwezi wa tano.

Nimepanga yote. Ninaandika polepole ili wajukuu waelewe.

Orgue haina pumuzi yake. Nyuma yake kuna chumba kidogo kama kabati. Ndani mutu anasukuma mipini mbili, juu, chini, juu, chini, na mifuko mikubwa ya ngozi inajaa upepo. Upepo kidogo, sauti kidogo. Hakuna upepo, hakuna kitu. Yule anayepiga mbele haoni wa nyuma, na wa nyuma hawaoni wa mbele. Ile kazi inafanywaka na Émile, sentinelle anayelinda kanisa, lakini mgongo unamusumbua. Nikamuambia Père Henri kwamba wadogo wa papa yangu, Tonton Cyprien na Tonton Désiré, wako na mikono ya Chutes na wanapenda kumutumikia Mungu. Père alifurahi sana.

Niliwapeleka kuona. Tonton Désiré aliuliza kama huo upepo unatoka kwenye Chutes. Nikasema ni ndugu yake. Kisha nikawaeleza kazi. Kesho watu wawili watapiga. Wa kwanza atapiga wimbo ya mutu anayekata roho: basi kusukuma kidogo-kidogo, sawa kumupepea mugonjwa. Kisha kimya. Kisha wa pili atapiga wimbo ya ufufuko: hapo kusukuma kama siku ya kusimamisha mti na maji yamejaa! Ikiisha, kazi imeisha, warudi kwao. Wameelewa vizuri kabisa. Si uongo mukubwa. Muziki ya Sébastien kweli inafanana na mutu anayekata roho.

Na wa kwanza atakuwa Sébastien, juu liste ni ya alfabeti. S, kisha Z. Tangu ubatizo hii Z imenifanya wa mwisho kila fasi, kwa sukari, kwa viatu, kwa chanjo hata sindano imekuwa butu. Kesho itaniomba pardon.

Mimi nitapiga fuga, muziki ambayo sauti zinafukuzana, ya fundi mumoja wa Kidachi wa zamani. Niko na nusu yake ya kwanza. Kwa nusu ya pili nitarudia ya kwanza, kwa nguvu zaidi.

Siku ya Mungu, 12 mwezi wa tano.

Tuende na mpango.

Kanisa ilijaa. Wazungu viti vya mbele. Nyuma, watu wote wa Chutes, na mama na liputa mupya kiunoni. Mademoiselle alisimama na liste mkononi. Akasema jina lake ya familia inaanza na W, na maisha muzima amewahurumia watu wa mwisho wa alfabeti. Leo, akasema, tutaanza na Monsieur Zéphirin.

Huruma! Hakuna kitu mubaya kama huruma!

Nikasema ninaweza kungoja, nimezoea. Akasema hapana, hata kidogo. Nikataka kupita nyuma ya orgue, kuona kama mlango umefungwa vizuri. Père Henri akanishika kiwiko, akanipandisha ngazi mpaka kwenye kiti. Nikakohoa mara tatu, kwa nguvu. Nyuma ya mbao nikamusikia Tonton Désiré ananijibu: pole.

Niliweka karatasi mbele yangu. Nikaanza. Orgue ikatoa sauti ya mbuzi aliyekula sabuni. Nikabonyeza zaidi. Ikatoa kidogo kuliko ile. Tontons wanapepea mugonjwa! Wazungu waligeuza vichwa. Bwana wa Territoire alicheka ndani ya kofia yake. Mama aliweka mkono kinywani. Fuga ikawa inakufa mikononi mwangu, note moja moja, na vidole haviwezi kuleta upepo. Nikaacha.

Nilipangusa uso. Nilimuona mama kule chini, mudogo kabisa. Niliona maji, na mti, na tarehe makumi mbili. Nikasema: bon, Zéphirin, kama ni kufa, ufe unapiga. Nikaangusha vidole kumi pamoja.

Mama yangu! Nyuma kule walisikia kimya. Kwao mugonjwa alikuwa amemaliza kufa, na sasa ni ufufuko! Upepo ulikuja mpaka kiti kikaruka. Lakini Mugenia hawezi kuinua kitu nzito na kinywa imefungwa. Bila wimbo mikono yetu haifanyi kazi. Tonton Cyprien akatupa ile mwito ya kusimamisha mti, kwa sauti yake yote, ndani ya kabati. Na kwetu iko sheria: kila mutu anayesikia ile mwito lazima ajibu, popote alipo, na chochote anachofanya. Mti ukianguka na wewe ulinyamaza, kosa ni yako.

Basi kanisa ikajibu. Viti vyote vya nyuma: Eee-yé! Mama alikuwa wa kwanza. Wazee walisimama. Fuga ilinitoka kichwani, sijui ilikwenda wapi, na sikuitafuta. Vidole vilifuata mwito. Tonton anaita, mabomba madogo yanaita naye. Watu wanajibu, mabomba yote yanajibu. Tuliinua mti mara tatu. Mara ya ine tukausimamisha. Kioo kimoja cha dirisha kilianguka inje.

Kisha nililia. Ninaandika kweli: nililia juu ya kinanda kama mutoto. Ni papa aliyekuwaka anatupa ile mwito kwenye fasi yetu, na mimi nilikuwa ninaisikia kutoka kwa mgongo ya mama, mbali na maji.

Zamu ya Sébastien. Aliketi, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kumbe Tontons, kazi yao imeisha, walikuwa wamerudi kwao, sawa vile niliwaambia! Père Henri alikunja soutane, kanzu yake ya upadri, akaingia mwenyewe ndani ya kabati, akasukuma mupini huu, kisha ule. Pumuzi yake tuliisikia kuliko orgue. Lakini Sébastien alipiga. Polepole, safi, kila note fasi yake, hakuna hata moja iliyoanguka. Mademoiselle alifunga macho. Nadhani alisinzia.

Kisha alipanda ngazi mbio, miwani imejaa maji. Aliuliza ile muziki yangu inaitwa namna gani, na ni nani aliyeiandika.

Nikajibu: Grande Toccata des Chutes. Ni mimi, Mademoiselle. Peke yangu.

Siku ya kwanza, 13 mwezi wa tano.

Wivu ya watu! Mbele ya midi nilipata mambo mbili.

Moja: Tonton Cyprien alikuja dépôt na kasia mkononi. Aliuliza nimeandika namna gani wimbo ambayo babu yake aliimba. Nikamueleza kwamba wimbo ni ya babu, lakini upande wa mabomba ni yangu. Aliketi juu ya gunia ya kahawa, akafikiri murefu. Kisha akacheka mpaka watu wa douane, wa ushuru, wakaja kuona. Akasema sawa, chukua, babu hangekataa, lakini mutu anayechukua wimbo ya mti lazima siku moja miguu yake iguse mti. Nikasema bila shaka, siku moja.

Mbili: Mademoiselle anataka Toccata imeandikwa kwa note, kwa mkono wangu, kabla ya kesho kutwa. Wenzake wa université waione.

Nikafunga mkono wangu na bandage, nikautundika shingoni, nikaenda kwa Sébastien. Nilimuambia kwamba mkono wa kuume umeteguka juu ya moto ya muziki, aniazime wake. Alitazama bandage. Alitazama tena. Nilikuwa nimefunga mkono wa kushoto.

Alivuta kiti, akachonga kalamu. Niliimba, akaandika, mpaka jua likashuka. Mara tano alinirudisha kwenye jibu ya kanisa, alitaka sauti ya wamama ikae vizuri. Kisha akaniambia, bila kuinua macho, kwamba jana yeye pia alijibu ule mwito nyuma ya nguzo. Alisema yeye si Mugenia, lakini kinywa chake kilijifungua peke yake.

Nilisikia aibu. Karibu dakika mbili. Kisha mama yake akaleta chakula, lituma na makayabu, na ikapita.

Siku ya tatu, 15 mwezi wa tano.

Mademoiselle amesoma Toccata. Anasema ni maajabu! Sasa gazeti ya université inataka photo ya mwenye muziki kwa fasi muziki ilipotoka. Kwenye Chutes. Juu ya mti.

Nilisema mkono unaniuma. Alisema bandage itapendeza kwenye photo. Nilisema jua ni kali. Alisema jua ni muzuri kwa photo. Mama alisimama pale, anajua yote.

Nilipanda. Ao niseme, Tontons walinipandisha, mumoja anavuta shati, mwingine anasukuma fasi ambayo sitaandika. Chini, maji yanapiga kelele kama soko inayoungua. Nilikumbatia ile mti na mikono yote miwili, na bandage, na meno. Mademoiselle alinipigia kelele kutoka kwa jiwe kwamba nisimame huru, kama mufalme. Hapo Tonton Cyprien akatupa mwito.

Nikajibu. Si juu ya furaha. Sauti ilitoka ndani yangu ambayo sikujua iko humo, ya juu kabisa, mrefu, na haikutaka kuisha. Wavuvi kwenye pirogue waliacha kupiga kasia. Mademoiselle alishusha appareil ya photo, akaandika neno moja ndani ya carnet yake, kisha akanionyesha: ténor, mwanaume wa kuimba juu.

Ténor pia! Kipaji changu hata mimi kinanishangaza.

Siku ya tano, 17 mwezi wa tano.

Ushindi! Ushindi kabisa! Ngoja, niandike kwa utaratibu.

Tuliitwa salle ya parokia: mama, Tontons, Père Henri, Sébastien na mama yake. Mademoiselle alisema aliyechaguliwa ni Zéphirin. Nikasimama kushukuru, niko na discours, hotuba ya page tatu. Akasema keti.

Akasema katika miaka makumi tatu hajasikia sikio kama langu. Akasema tena, katika hiyo miaka makumi tatu hajaona mutu aliyeweza kumuficha kwamba hajui kusoma note. Siku ya Mungu karatasi yangu mbele ya orgue ilikuwa kichwa chini. Ndiyo maana aliomba Toccata imeandikwa: alitaka kuona nitaenda kulia kwa nani. Na ile mwandiko, alisema, ni ya mutu anayestahili kusoma mbali. Basi alituma télégramme kwao: mulitaka musicien mumoja, nimemupata, lakini amekuja katika miili miwili, mumoja iko na masikio, mwingine iko na macho. Jibu imefika leo asubuhi. Wanatupokea wote wawili! Bateau moja ya kwenda Ulaya, classe moja, chumba kimoja.

Mama alitupa kilemba chini na kucheza. Tonton Désiré alisema atalinda fasi ya papa, kwa hiyo hakuna jirani atakayeigusa. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, akaniambia sikioni, ili watu wasisikie, kwamba sasa hata maji hayatanipata. Nililia tena. Hii ni juma ya kulia.

Kuna condition moja, sharti kidogo tu. Mwisho wa mwaka wa kwanza, nitaketi peke yangu mbele ya jury ya mtihani, bila Sébastien, na nitasoma karatasi ambayo hakuna mutu ameiona. Nikishindwa, nitarudi na bateau ya kwanza, na mti utakuwa unaningojea. Sébastien alinishika mkono, akasema tuanze kesho, saa kumi na mbili asubuhi, kila siku, do, re, mi, na kwa miezi sita nitasoma kama mutu yeyote. Kila siku! Saa kumi na mbili! Nilimuambia kesho niko na mambo.

Na ni kweli. Nilitoka pale mbio mpaka kwa Mama Zaina, mushona nguo wa soko ya Tshopo, kuagiza koti ya Ulaya. Nilimuambia mikono iwe mipana, mipana sana, na ndani ya kila mukono mufuko murefu wa siri. Aliuliza kama ninakwenda kuwa padri. Nikamueleza, juu ni mutu wa kunyamaza, kwamba humo nitaficha karatasi za note, zote nitakazopata, jury ikija initafute. Aliondoa pini kinywani. Aliuliza: na hizo karatasi, ukizitoa mbele ya wazungu, utazisoma namna gani?

Swali ya mutu asiyesoma. Nikamuambia aongeze mufuko wa tatu.